Mwenye Nyumba Naye Ana Mipaka

Ndoa nyingi za mjini zina mtu wa tatu. Simsemi nyumba ndogo, namsema mwenye nyumba. Huyu ndiye anayejua mmegombana saa ngapi, mgeni wenu kalala siku ngapi, na ndoo za maji mnazochota kwa siku ni ngapi. Mkipata mtoto, yeye ndiye wa kwanza kusema choo sasa kitajaa haraka. Mkinunua gari, hata kama ni kale kagari ka mkopo, kodi inapanda. Na wapenzi wengi ninaowafahamu, ukiwauliza kwa nini wanavumilia, jibu lao ni moja: "Sasa tufanyeje, si nyumba yake?"

Nyumba ni yake, ndiyo. Ila ukishalipa kodi ukakabidhiwa ufunguo, kuna kitu mle ndani ambacho si chake tena mpaka muda mliokubaliana uishe. Sheria ya nchi hii inakitaja kitu hicho waziwazi, na mwezi huu nataka tukae tukiangalie vizuri, maana nimechoka kusikia watu wazima, wasomi wenye kazi zao nzuri, wakihamishwa usiku na godoro kichwani kama wamefumaniwa.

Mimi mwenyewe nimepanga Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja. Nilianza na chumba kimoja Manzese, nikaja chumba na sebule Tabata, halafu nyumba ya uani Kijitonyama ambako niliingia na mume wangu tukiwa na jiko la gesi, kitanda na mapenzi tele. Kwa hiyo hapa hasemi mwanasheria. Anasema mpangaji aliyelazimika kusoma sheria.

Enzi za kodi ya kupangiwa

Kama mzazi wako alipanga mjini zamani, muulize habari za Msajili wa Majumba. Tarehe 22 Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, akapewa Msajili ayasimamie. Mwaka 1990 majumba yale yakawekwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, ambalo lenyewe lilikuwepo tangu 1962. Katikati ya hapo, mwaka 1984, ikaja sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Sheria ile ilikuwa kali. Kulikuwa na kodi halali, kulikuwa na Baraza la Nyumba la kukusikiliza, na kudai kilemba, yaani ile pesa ya juu ya kukupa tu ufunguo, lilikuwa kosa.

Mwaka 2005 Bunge liliifuta. Sababu iliyosemwa sana ni kwamba nani atajenga nyumba ya kupangisha kama bei anapangiwa? Kuna ukweli ndani yake. Lakini matokeo yake ndiyo haya: yule mshikaji wa ofisini anayekushauri uende Baraza likakushushie kodi anazungumzia nchi iliyokwisha. Mkataba wako ukiisha, mwenye nyumba anaweza kukuambia kodi mpya ni mara mbili, na hutapata kifungu cha kumzuia.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Uganda ilitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022, ikasema kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kenya wao wana sheria yao ya zamani ya kudhibiti kodi, ila inamhusu mpangaji wa nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Mtafute Nairobi mwenye nyumba ya namna hiyo halafu unijulishe.

Kwa hiyo sisi tunabaki na nini? Tunabaki na mkataba, na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Na ukiisoma ile sheria, wala hatujaachwa uchi kama wengi wanavyodhani.

Yaliyomo hata kama hayakuandikwa

Watu wengi wanaamini kama kitu hakimo kwenye ile karatasi ya kurasa mbili iliyopigwa chapa stationery, basi hakipo. Sivyo. Kifungu cha 88 kinaweka ahadi za mwenye nyumba ndani ya kila upangaji, hata kama karatasi yenu haizitaji. Ya kwanza ndiyo mama yao: maadamu unalipa kodi na kutimiza masharti, atakuacha ukae kwa amani na utulivu bila kuingiliwa.

Hebu irudie hiyo sentensi taratibu. Kukata umeme ili uhame, kung'oa mlango, kuezua bati, kuweka kufuli lake juu ya lako, kuwatuma vijana wakae kibarazani wavute sigara mkeo asitoke: yote hayo ni kuvunja ahadi hiyo. Hayawi halali kwa sababu ana hati.

Ahadi nyingine ni kwamba nyumba ya kuishi iwe inafaa binadamu kuishi siku unayoingia na iendelee kufaa muda wote uliomo. Ukipanga sehemu tu ya nyumba, paa, kuta kuu, mitaro mikuu na njia mnazotumia wote ni juu yake kuzitunza. Lile bati linalovuja kila masika, ambalo mnalitegea ndoo huku mkibishana nani aamke kuimwaga, si mtihani wa ndoa yenu. Ni kazi yake. Na nyumba ikiungua au ikizolewa na mafuriko bila uzembe wako, kodi inasimama mpaka ifae tena kukaliwa.

Na wewe una yako, tusijipendelee. Lipa kodi kwa wakati, tunza ulichokikuta, usimpangishe mtu mwingine bila ridhaa ya mwenye nyumba, na umruhusu aingie kukagua au kutengeneza. Lakini huko kuingia nako kuna adabu yake: saa za maana, na baada ya kukutaarifu.

Hapo ndipo nilipopambana na mama mwenye nyumba wangu wa Tabata. Alikuwa mtu mwema sana, na alikuwa na ufunguo wa akiba. Nilikuwa nikirudi jioni nakuta madirisha wazi, kitanda kimetandikwa upya, siku moja hadi sufuria imehamia jiko jingine.

"Mwanangu, nyama yako ilikuwa inataka kuharibika, nimekuchemshia."

"Asante mama. Ila naomba uwe unanigongea nikiwepo."

"Heee! Kwani unaficha nini humo?"

Sikuwa naficha kitu. Lakini Katiba yetu, ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kuhifadhiwa katika nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake na maskani yake. Maskani, wala haisemi nyumba uliyojenga mwenyewe. Sikumsomea Katiba, angenishangaa. Nilimpelekea kanga doti moja na ombi lile lile, tukakubaliana kwamba ufunguo wa akiba ni wa moto na mafuriko tu. Siku zote jaribu kanga kwanza.

Nyumba inauzwa mkiwa ndani

Kijitonyama kanga isingetosha. Tulikuwa tumelipa mwaka mzima, mwezi wa tano akaja baba mmoja na faili kwapani, akajitambulisha kuwa nyumba ameinunua, akatupa wiki mbili. Mwenye nyumba wetu wa zamani simu ikawa haipatikani. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mume wangu, ambaye ni mpole kupita kiasi, usiku ule ule akaanza kuulizia maboksi dukani.

Mimi nikatoa mkataba kwenye bahasha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kuuza nyumba hakuui upangaji. Anayenunua anainunua na wewe ukiwa ndani, mkataba wako ukiwa hai, na anachukua haki na wajibu wa aliyemuuzia mpaka siku ya mwisho mliyoandikiana. Miezi yetu saba iliyobaki tulikuwa tumeilipia. Kama kodi yetu imeliwa na muuzaji, hayo ni mazungumzo ya yule baba na muuzaji wake.

Tukamwandikia barua fupi, ya heshima, tukaambatanisha nakala ya mkataba na risiti, nakala nyingine tukaipeleka ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti akatuita wote. Yule baba aliongea sana, akasema alikuwa na mafundi wanaosubiri, akasema sisi ni vijana tutapata pengine. Tukamweleza kwamba tunaweza kuondoka mapema akiturudishia kodi ya miezi saba pamoja na gharama za kuhama. Alipiga hesabu kwenye simu yake, akaiweka mfukoni, akasema basi malizeni. Mwanetu wa kwanza alizaliwa tukiwa bado pale. Hakutusalimia hadi siku tunaondoka, lakini hakuna sheria inayomlazimisha mtu kusalimia.

Tahadhari moja lakini. Kama nyumba ilikuwa imewekwa rehani benki kabla hujapanga, na benki haikuridhia upangaji wako, mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa benki ikija kuuza. Si vibaya kuuliza kabla ya kulipa: "Baba, hii nyumba ina mkopo?" Atakayekasirika kwa swali hilo amekupa jibu.

Jina la nani kwenye karatasi?

Hapa nataka tukae kidogo, hasa wale mnaoishi pamoja na harusi bado mnaiita "mwakani".

Shoga yangu mmoja aliishi na mwenzake Sinza kwa miaka mitatu. Walikuwa wanachangia kodi nusu kwa nusu, ila mkataba ulikuwa na jina la mwanaume peke yake, maana ndiye aliyekwenda na dalali siku ile. Mwanaume akafariki kwa ajali ya barabarani. Arobaini haijafika, shemeji zake wakaja na gari la kubebea mizigo. Wakachukua makochi, friji, na wakamwambia mwenye nyumba warudishiwe kodi ya miezi minne iliyobaki, kwa sababu mkataba ni wa marehemu na "huyu dada hatumjui".

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawachukulia kama mume na mke, itadhaniwa kwamba walioana. Ni dhana, na dhana inaweza kupingwa. Kwa mfano, kama mmoja alikuwa tayari ana ndoa halali ya mke mmoja kwingine, inaanguka. Na lazima uithibitishe mbele ya mahakama, kwa mashahidi, kwa picha, kwa majirani waliowaita Mama na Baba Fulani. Ni mlima kuupanda huku umefiwa.

Yule mwenye nyumba, mzee wa makamo ambaye sisi wote tulikuwa tunamwona bahili, alisimama mlangoni akawaambia shemeji: "Mimi kodi nilikuwa naipokea mkononi mwa huyu binti. Ninyi sijawahi kuwaona hapa." Akakataa kurudisha hata senti. Shoga yangu akamaliza miezi yake minne. Makochi hayakurudi.

Sasa fikiria kama mzee yule angekuwa mtu wa aina nyingine. Majina mawili kwenye mstari wa "mpangaji", na risiti zenye majina mawili, hayakugharimu chochote siku ya kusaini. Mwanaume anayesema kufanya hivyo ni mkosi, mwangalie vizuri.

Na kuna upande wa pili wa habari hii. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza, kugawa, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba wanayoishi kama familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo kama baba mwenye nyumba anakupangishia nyumba aliyokuwa anaishi na mkewe, na mkewe kaenda kwao kwa hasira, mtafute mama asaini naye. Vinginevyo utajikuta katikati ya ugomvi wa ndoa ya watu, na wewe ya kwako inakutosha.

Pesa ndogo ndogo, na dola

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo inayokatwa ni pesa yako, wakati kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ukizidisha kwa mwaka ni shilingi 18,000. Si pesa ya kumshtaki mtu, lakini ni pesa ya kuikata mnapofanya hesabu ya kodi mpya, na mwenye nyumba muungwana huwa habishi ukimwonyesha risiti.

Wale wa Masaki, Oysterbay na Mikocheni mliozoea kutajiwa kodi kwa dola, mambo yamebadilika. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kupokea malipo ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba anayekuambia "mia sita za Marekani" mwambie aitamke kwa shilingi, iandikwe kwa shilingi, ili mwezi dola ikipaa kodi yenu isipae nayo.

Kuhusu kulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, viongozi wameshaikemea mara nyingi majukwaani, lakini kukemea si kifungu. Hapo ni mazungumzo yenu tu. Mimi huwa naomba miezi mitatu mitatu, na nikikataliwa naomba kitu kingine mbadala: iandikwe kwamba mkataba ukiisha nina haki ya kuuendeleza, na kwamba kodi haitapanda zaidi ya kiasi fulani. Hiyo ndiyo dawa pekee ya pengo la 2005, na kuiomba ni kabla ya kutoa pesa. Ukishalipa, dalali keshachukua mwezi wake mmoja na hapokei simu.

Mkataba ukiwa hai, kodi haipandi katikati kwa sababu mtoto wake anaoa. Kama hamna mkataba wa maandishi wala muda maalumu, mnahesabiana kwa mwezi, basi bado hawezi kukutoa kesho: anatakiwa akupe notisi isiyopungua mwezi. Na hata ukidaiwa, sheria inataka uandikiwe, uelezwe kosa, upewe nafasi ya kulirekebisha, na unaweza kuomba unafuu kwa wanaoamua kesi. Mpangaji anayegoma kutoka hatolewi na mabaunsa wa baa ya jirani.

Pa kwenda

Anzia serikali ya mtaa, kama sisi. Ikishindikana kuna Baraza la Kata, lakini tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena nani kashinda. Kuanzia hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoanzishwa na sheria ya 2002. Madai ya fedha tupu, kama kurudishiwa kodi, mara nyingine hupelekwa mahakama za kawaida, kwa hiyo ulizia kwanza usije ukazungushwa. Kama wakili humudu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wanapatikana karibu kuliko unavyofikiri.

Utakapokwenda, beba karatasi. Mkataba, risiti, na zile meseji za "nimeshapokea, asante". Kama kodi unalipa kwa simu, andika kwenye kumbukumbu zako ni ya mwezi gani. Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Usipolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe, na hakuna aibu kama kusimama mbele ya watu na karatasi isiyosomeka kisheria.

Mwezi uliopita tumehamia Kimara. Nilikuwa nimeandika rasimu yetu wenyewe, kurasa tatu, majina mawili, kodi kwa shilingi, notisi ya miezi miwili pande zote, na mstari unaosema matengenezo tutakayoyafanya kwa ridhaa yake yatakatwa kwenye kodi. Baba mwenye nyumba aliivaa miwani, akaisoma yote kimya, akauliza kama sisi ni kampuni. Mume wangu akamwambia, "Hapana mzee, tumeoana tu." Akacheka, akafuta miezi miwili akaandika mmoja kwa ile notisi, tukabishana kidogo, akairudisha miwili, akasaini.